Mikono Mifukoni

Mwaka wa kwanza watu wangu wote walitia mikono mifukoni:
mwokaji mikate, mfalme, nahodha wa meli,
hata malaika nilimshonea joho lenye mifuko.
Niliuita mtindo.
Nilimwambia Tymek kwamba ni mtindo, naye akaitikia kwa kichwa,
kwa heshima, kama mtu anayepewa habari za ugonjwa.

Bi Halszka hakuitikia kwa chochote.
Alipanga michoro yangu kumi na tisa sakafuni,
akapita katikati yake na kikombe cha chai, polepole,
kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe,
kisha akauliza: "Hawa ni wezi, au wanaona baridi?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka,
mikono mifukoni.

Basi nikaanza kuiba mikono ya Łódź.
Ndani ya tramu ya Bałuty, alfajiri, madirisha yakitoka jasho,
mkono wa mama mmoja ulioshika kamba ya mbwa
bila mbwa.
Sokoni, mikono ya muuza kabeji za kuchachusha,
myekundu hadi viwikoni.
Posta, kidole cha karani kikilowa kwenye sponji.
Yote ilitoka karoti. Mafungu ya karoti.
Daftari likajaa, la pili likajaa,
la tatu nililisahau kwenye benchi na sikurudi kulitafuta.

Wao husema kipaji.
Mimi ninachokijua ni kifutio:
makombo yake mezani, nyweleni, kwenye supu.
Najua kiganja ni mraba kwanza, mengine baadaye,
na kwamba kidole gumba hakikai na wenzake,
kimehamia nyumba ya pili.

Desemba nikaenda nyumbani na kazi ya muhula:
hadithi ya fundi viatu aliyemshonea dubu buti.
Fundi viatu! Huwezi kumficha fundi viatu mikono.
Nilijaribu. Nilimweka nyuma ya mlango.
Nikamweka dubu mbele yake.

Baba alikuwa jikoni, akimenya viazi.
Mkono wake wa kulia una vidole vitatu;
viwili vilibaki kwenye mashine ya kusokota nyuzi
kabla sijazaliwa,
na kiwanda chenyewe siku hizi kinauza marashi.
Kanisani, harusini, kwenye picha ya ubatizo wangu,
baba ana mkono mfukoni.
Nilisimama mlangoni na penseli.
Kumbe mtindo nao hurithiwa.

"Baba, nikuchore?"
"Chora viazi."
"Mkono."
Akautazama kama kitu ambacho mgeni amekisahau mezani.
"Fanya haraka basi, maji yanachemka."

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini vitatu humenya kiazi
kwa ganda moja refu, lisilokatika,
linaloteremka na kujikunja hadi kwenye gazeti la jana.
Nilichora mpaka sufuria ikakauka maji.
Tulikula mkate na siagi.
Alilalamikia gumba tu: "Umeninenepesha."

Bi Halszka alisema buti za dubu hazina uzito.
Kweli. Mpaka leo hazina.
Akasema theluji yangu imechoka.
Kuhusu mikono hakusema neno; aliipita,
akarudi, akasimama, chai ikapoa.

Lakini Lidka wa ghorofa ya tatu, mwenye miaka minne,
aliweka kidole juu ya ukurasa, akahesabu:
moja, mbili, tatu.
Akahesabu tena. Akaniangalia.
"Vingine viko wapi?"

Nilifungua mdomo. Yeye alikwisha kujijibu:
"Viko ndani ya buti, vinapima,"
akafunua ukurasa.