Nyuzi Tisini

Chini ya jengo letu, Malmö, kuna chumba cha kufulia:
mashine tatu, kamba moja ndefu, daftari la zamu
na kalamu iliyofungwa kwa uzi isitoroke.
Mwezi wa pili mashine mbili zilikufa wiki moja.
Rasmus wa ghorofa ya nne, mtu mwema asiye na subira,
akasema: "Foleni ya nini? Maji ni yale yale,
sabuni ni ile ile, nguo ni nguo. Tuchanganye."
Na kwa kuwa baridi ilikuwa imetupanda magotini
tukachanganya.

Kitambaa cha meza cha Gunvor, cheupe,
alichotarizi mama yake majira mawili ya giza.
Mshipi mwekundu wa Shqipe, wa harusi ya bibi yake, Prizren.
Sari ya Yogeswari, manjano ya kiini cha yai.
Soksi zangu, za dukani, tatu kwa bei ya mbili.
Rasmus akabonyeza: nyuzi tisini.

Tulipofungua mlango ulitoka mvuke,
kisha ukimya.
Nguo zote zilikuwa rangi moja.
Si waridi, si kijivu, si zambarau,
labda fizi za mgonjwa.
Jengo lina lugha kumi na moja;
tuligonga mlango kwa mlango tukiuliza
na hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake.

"Angalau sasa zimelingana," alisema Rasmus.
Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Ndipo Gunvor akafumba macho,
akapitisha vidole juu ya rundo lile lenye maji
kama anayechambua mchele gizani,
akasita.
"Huyu ni mama," akasema.
"Fundo hili alilikosea, kona ya tatu. Hakulifumua."
Shqipe akapapasa, akapata. Yogeswari akapata.
Nyuzi tisini zilikula rangi;
nyuzi zenyewe zilikataa.

Mashine zimepona sasa,
lakini Alhamisi bado tunashuka pamoja.
Yogeswari kanifundisha: chumvi kwanza, maji baridi,
rangi mpya iloweke peke yake mpaka itulie.
Shqipe ana siki yake na hataki ushauri.
Gunvor hutandaza vyeupe vyake juu ya theluji uani
na kutuapia kwamba hakuna dobi kama jua la theluji.
Kila mtu na beseni lake,
umbea ndio unaoruka kutoka beseni hadi beseni.
Kamba ni ile ile moja.
Dirisha likifunguliwa, pindo la sari
linaparaza kitambaa cheupe, linarudi kwake,
haliachi doa.

Leo nimevaa soksi zangu.
Dardan, mwana wa Shqipe, ananiuliza zilikuwa rangi gani zamani.
Bluu, namwambia. Au kijani.
Nazivua, nafumba macho, napapasa.
Hakuna aliyekosea fundo humu.
Vidole vyangu vinapita tu.