Rangi Mbili

Halmashauri imenipa makopo mawili,
nyekundu na njano, brashi ya inchi mbili,
na karatasi ya maelekezo:
mistari sambamba, njia ni hii;
mistari iliyokunjwa kiwiko, kata kona;
mistari iliyopishana kama mkasi, siyo huku, rudi.
Kilomita tisa na mita mia nne.
Mwanzo na mwisho ni palepale, kwenye maegesho.

Naanza umande ukingali unalowesha suruali hadi magotini.
Jiwe la kwanza liko nyuma ya ghala za Penavelha,
kumi na saba, juu ya miguu ya mawe,
kila mguu umevishwa sahani
ili panya apande, agonge utosi, ashuke na njaa yake.
Juu ya kila paa, msalaba.
Wageni hudhani ni makaburi.
Siharakishi kuwasahihisha.
Mahindi nayo tuliyalaza humo kwa heshima zote,
tukiomba yatuvushe hadi Machi.

Kisha mteremko wa vinu.
Vinu sita, mfereji mmoja, maji yaliyogawanywa kwa saa:
akina Gaspar Jumatatu hadi adhuhuri,
mjane Zulmira usiku wa Alhamisi, apende asipende,
sisi Jumamosi, tangu nyota ya alfajiri
mpaka jua liguse ule mwamba wenye ufa.
Watu walitoana damu kwa robo saa ya maji.
Leo yanapita usiku kucha, hayana mwenyewe,
na jiwe la kusagia limetulia
kama meno ya bandia ndani ya kikombe.

Kwenye kilomita ya tano, mtego wa mbwa mwitu:
kuta mbili ndefu zinashuka kilima zikikaribiana,
zikikaribiana,
halafu shimo.
Kijiji kizima kilipiga madebe,
na mnyama akakimbilia pale palipoonekana pana njia.
Hapo natakiwa kuchora mistari miwili sambamba.
Nimeichora. Mkono ulisita kidogo.

Sasa niko chini ya mwaloni uliopigwa radi.
Kulia, mduara unaendelea:
uwanda wa kupuria, tanuri la kijiji, kanisa lenye popo, maegesho.
Kushoto, miiba yenye maua ya njano, hatua mia mbili,
nyumba yetu.
Paa limeingia ndani. Mtini umeota jikoni.
Karatasi haina shaka: kushoto, mkasi.

Mkasi huohuo mwalimu Ermelinda aliniwekea daftarini
nilipoandika kwamba kaka yangu
atarudi kwa mavuno.

Adelino alipita hapa mwaka wa sabini na moja,
usiku, viatu mkononi, mguu niponye,
Ufaransa kupitia Uhispania, bila cheti wala baraka.
Picha yake waliipasua vipande viwili:
kimoja kwake, kingine kwa mama.
Akifika salama atatuma nusu yake,
ndipo mvushaji alipwe.
Nusu ilirudi baada ya wiki tano. Mama akaviunganisha
kwa uji wa unga, shavu na shavu,
akahesabu pesa mezani bila kuinua uso.
Picha ndiyo iliyozunguka mduara.
Yeye alikwenda moja kwa moja, kama jiwe lililotupwa,
na barua zikapungua maneno
mpaka ikabaki bahasha yenye noti na tarehe.

Wajerumani wawili wamesimama, wanahema, wananyosha kidole kushoto.
Kuna nini kule?
Siyo njia, nawaambia.
Wanashukuru. Wanakata kulia, fimbo zao zikigonga mawe,
watu wenye uhakika wa kulikuta gari lao.

Napaka njano kwanza. Nasubiri ikauke.
Nyekundu juu yake, mlazo, bila kutetemeka:
kazi ni kazi, na Ijumaa mkaguzi anakuja.
Kisha nafunika makopo, naifuta brashi kwenye nyasi,
natoa mkate na kipande cha jibini,
naikanyaga miiba.

Tini zimeiva. Kizingiti kingali kinanitosha makalio.
Kwa mujibu wa karatasi,
nimepotea.