Jina Lisilo na Nukta

Ijumaa, vipindi vimekwisha, mvua ya Urambo
imetufungia ofisini, walimu tisa na birika moja.
Mwalimu mkuu, Bi. Zuhura Kapama, amebandika ukutani
karatasi za manila, majina ya shule nzima
kwa mkono wake, kwa wino wa bluu.
"Shikeni kalamu nyekundu," akasema.
"Weka nukta kwa mtoto unayemjua.
Sisemi alama zake."

Tukacheka kidogo. Mwalimu Sendwa akauliza
kama zoezi lina posho.
Kisha tukainuka.

Yako majina yaliyoota surua:
Shigela mpiga ngoma,
mapacha wa muuza vitumbua,
na yule mtukutu aliyemfunga mbuzi kwenye kamba ya kengele.
Huyo tunamjua sote. Hata mbuzi tunamjua.

Nikashuka na kidole, darasa la sita, langu,
hadi namba ishirini na saba.
Nyamizi Lushinge.
Jeupe.
Kalamu ikagoma hapo kama punda kwenye daraja.

Nilijua nini? Mwandiko unaolalia kushoto.
Thelathini na moja ya hisabati.
Sifuri katika daftari la mahudhurio,
nilizozichora mwenyewe, duara safi,
karani wa ghala tupu.
Miaka miwili namwita. Miaka miwili, akiwepo, anaitika "Nipo,"
nami sikuwahi kuuliza, usipokuwepo uko wapi.

Jumatatu sikumhoji habari za Alhamisi.
Nilimuuliza moshi ulio kwenye sweta yake ni wa kuni gani.
Akatazama viatu vyangu.
"Mtundu."
Nikadhani anamsemea mwenzake.
"Ni mti, mwalimu. Unashika moto hadi alfajiri."

Hivyo ndivyo nilivyojua: bani la tumbaku,
zamu ya usiku, baba akilala yeye anachochea,
baba akiamka, kumekucha, kengele imeshalia.

Kipindi cha nyuzijoto nilichora kipimajoto ubaoni,
kikatoka kama muhogo.
Nikampa Nyamizi chaki.
"Thelathini na tano, jani linaanza manjano.
Hapo usiongeze kuni. Ukiharakisha
linakauka na ukijani wake,
mnunuzi analitupa chini."
Waliozoea kuziba pua akipita
walikuwa wanaandika.
Nami nyuma, magoti yamekwama chini ya dawati,
nikawahesabu niliowaongezea kuni.

Sisemi sasa anakuja kila siku.
Tumbaku haina habari na ratiba,
na deni la mbolea la chama cha msingi
halijui kusoma.
Jana hakuja. Juzi alikuja, akasinzia,
nikamwacha, nikafundisha kwa sauti ya chini.

Leo asubuhi nikaita majina.
Ishirini na tano. Ishirini na sita.
Ishirini na saba,
kimya,
mkono wangu umeshazoea, unainama kuchora duara,
na Shigela kutoka nyuma:
"Mwalimu, usiandike kwanza.
Nimepita kwao, bani halitoi moshi.
Yuko njiani, ameinama kijitoni anaosha miguu."

Nikainua kalamu.
Tukangoja, watoto arobaini na watatu na mimi,
tukiutazama mlango.