Meza Namba Sitini na Mbili

Novemba, kusini kabisa ya Nyuzilandi,
upepo wa barafu unabisha mlango wa ukumbi
kama mchezaji wa akiba aliyesahauliwa nje.
Nina funguo. Nina rukwama. Nina meza mia na kumi na mbili
za kupanga kabla ya saa mbili na nusu.

Shule ya serikali ina ukumbi mmoja tu:
jasho hapa, jibu hapa.
Sakafu ina mistari ya rangi tatu,
nyekundu ya vikapu, njano ya vinyoya,
nyeupe ya mpira wa pete,
na miguu ya viti nimeivisha mipira ya tenisi iliyokufa,
nimeipasua kwa kisu, mmoja mmoja,
ili sakafu isilie mtu akiwaza.

Shule ya ada, ng'ambo ya mto, ina ukumbi wa kila kitu.
Agosti walitufunga hapahapa, arobaini kwa thelathini na tisa.
Sekunde ya mwisho Mereana Tipoki alirusha,
mpira ukazunguka ukingo wa pete mara mbili
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa,
ukatoka.
Alibaki palepale. Nilifagia kumzunguka.

Meza hupangwa kwa namba, si kwa huruma.
Sitini na mbili imeangukia ndani ya nusu duara,
palepale.
Nimeisogeza upana wa kidole,
nimeirudisha; Bi. Strachan, msimamizi, ana rula.

Mereana anaingia, kalamu tatu kwenye mfuko wa plastiki.
Anaona. Anaugusa mstari kwa kisigino
kama anayejaribu maji ya kuoga.
Kisha fizikia, na kimya,
isipokuwa upepo na mafua ya Tevita Fonua.

Mchana alinikuta nikikwangua chingamu chini ya meza.
"Dougal, swali la tano
lilikuwa mpira uliorushwa juu, pembe ya nyuzi sitini.
Wameuliza utaangukia wapi."
Nikamuuliza amewajibu nini.
Akatazama pete iliyokunjwa ukutani, wavu umefungwa fundo.
"Wamesema tusihesabu upepo.
Humu ndani hakuna upepo, eti.
Siku ile ulikuwepo."

Majibu ni Januari. Ligi ni Mei.
Nimezirudisha meza stoo, mbilimbili, uso kwa uso,
nimelifungua fundo la wavu.
Kiti cha sitini na mbili kimevuliwa kiatu kimoja:
mpira wa tenisi umebingirika
hadi chini ya pete.
Nimeuacha kwanza.