Kivuli cha Mkono

Saa kumi alfajiri, Pongwe, nachemsha yai.
Si langu. Ni la watoto elfu arobaini
wasio na kope, wasio na sauti,
walioanguliwa juzi na kibindo cha kiini tumboni,
masurufu waliyofungiwa na mama
aliyeko bwawa la pili, anauguza tumbo,
hawatamjua.
Leo kibindo kimekwisha.
Leo ni mimi.

Nakifunga kiini kwenye kipande cha kanga kuukuu,
nakitosa bakulini, nakikamua polepole,
maji yanageuka ukungu wa manjano.
Kanga imebaki na nusu ya jina lake:
NIPE KIDOGO NISI
mkasi wa Shemdoe ulikula kilichosalia.
Ilikuwa yangu. Sikumwambia nilibebea nini.

Kidogo. Ndiyo kazi yote hapa.
Waliosema haba na haba hawakufuga kambale:
hapa kibaba kikijaa maji yananuka,
na asubuhi unaopoa weupe kwa chujio la chai.
Mwezi wa kwanza niliua beseni zima kwa huruma.
Niliona midomo, nikaongeza.
Nikaona midomo tena, nikaongeza.
Shemdoe hakunifokea. Alinipa daftari
niandike idadi.
Niliandika: wote.

Na ukichelewa?
Ukichelewa wanaonana.
Aliyetangulia kunenepa anamgeukia aliye karibu,
unamkuta mkia wa ndugu unaning'inia mdomoni,
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.
Kwa hiyo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana,
mimi na bakuli, mimi na bakuli.

Mwili wangu uliijua ratiba hii kabla ya kazi hii.
Bombo, wodi ya njiti, siku kumi na tisa,
maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano,
mililita mbili, kila baada ya saa mbili,
na nesi Mwanaharusi begani kwangu:
mama, usimhurumie kupita kipimo.
Siku ya ishirini hakuna aliyeniamsha.
Mwili ukaamka tu, saa kumi,
na bado unaamka.

Wiki ya tatu sasa. Wameota sharubu,
weusi kama mbegu za papai.
Mayai wameyaacha, wanakula unga wa dagaa,
nautawanya kwa vidole vitatu
kama anayetia chumvi mchuzi wa mgeni.
Mkono mtupu haulambwi, nililelewa hivyo.
Hawa hawajui. Mkono haujagusa maji,
kivuli chake tu kimepita ukutani mwa beseni,
na beseni lote linainuka kukipokea,
linatokota bila moto.

Kesho mwalimu Kilango anakuja na pikapu kutoka Korogwe.
Bwawa lake limechimbwa, limejaa, na ni tupu.
Anataka elfu tatu.
Nimewatenga beseni la mwisho, karibu na mlango,
na mifuko ya nailoni nimeikunja tayari kando ya mtungi wa hewa.
Sheria ya safari ni moja: siku ya mwisho, usilishe.
Mwenye kitu tumboni atachafua maji ya mfuko,
atafika Korogwe tumbo juu.
Njaa ndiyo nauli yao.

Saa kumi. Nimeamka, kwani vipi.
Nimewalisha wengine, nikaosha bakuli,
nikaja kusimama juu ya beseni la mwisho
mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa.
Nilitaka kuwaona tu.

Nilisahau taa. Taa iko mgongoni mwangu.

Kivuli kimetangulia kuangukia maji,
na wote elfu tatu wamepanda,
wanakilamba.