Taarifa ya Msimu, Kijiji cha Manchali

Fomu inauliza: wakulima wangapi wamepokea mbinu?
Nimejaza: mmoja.
Jina: Dorika Madinda. Jinsia: ke. Ekari: mbili,
moja ya mawe.
Halafu safu zikaisha, na mimi bado nina maneno.

Nilifika kwake Septemba, futikamba mfukoni,
buti jipya, pikipiki ya serikali inapoa nyuma yangu.
Nikaipima ardhi kama fundi cherehani anayempima bi harusi:
kina thelathini, upana ishirini na mbili,
shimo hadi shimo sitini, mstari hadi mstari tisini.
"Acheni kuberega," nikasema. "Jembe la juujuu
linaikwaruza ardhi tu, na mvua inapita
kama mgeni asiyepewa kiti."
Nilijipenda kwa msemo ule.

Yeye kimya, anahesabu vidole.
"Ekari moja, mashimo mangapi?"
Elfu saba na mia tano.
"Na niyachimbe saa ngapi?"

Futikamba yangu haikuwa na alama ya hapo.

Maana mchana wake ulikwisha uzwa:
alfajiri anapogoa zabibu za mtu,
saa nane anang'oa visiki vya mtu mwingine,
jioni ujira ni kibaba cha unga
na unga haulali.
Taarifa ya mwaka juzi, kwa mkono wangu mwenyewe,
niliandika juu ya kitongoji chake: mwitikio hafifu.

Akachimba usiku.
Ishirini, akichoka kumi na matano,
kwa mbalamwezi, na isipokuwepo, kwa kupapasa;
kamba ya katani yenye mafundo ndiyo macho yake.
Samadi aliinunua kwa mgongo:
siku nzima kufagia zizi la Chibago, ujira madebe mawili.
Binti yake Perusi aliibeba kichwani
akaingia nayo harufu darasani.
Wenzake wakamwita Ndama.

Februari jua likasimama.
Wiki tatu, mbingu nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Mashamba aliyoyalima kwa ujira yalijikunja majani,
lakini kile kipande chake, hata robo ekari hakijafika,
kilibaki kijani, kiraka kipya kwenye kanga kuukuu.
Watu walikuja kuchungulia. Wengine walisema ni dawa.

Hapa ndipo taarifa nzuri huishia.
Mkulima atabasamu, piga picha, rudi mjini.

Lakini Februari hiyohiyo chungu chake kilikuwa mdomo wazi.
Mtama uko shambani, kijani, na kijani hakisagwi.
Alikopa madebe matatu kwa Sechambo.
Debe la njaa likirudi nyumbani hurudi na pacha.
Akavuna magunia mawili na madebe matatu,
kitu ambacho udongo ule haukuwahi hata kukiota.
Gunia moja likaenda kwa Sechambo, joto la jua halijalitoka.
La pili likavikwa kilemba cha lumbesa mnadani,
likawa sare ya Perusi, likawa viatu,
likawa deni la dawa ya mama mkwe.
Yakabaki madebe matatu.
Madebe matatu hayafiki Septemba.

Niambie wewe utakayeipokea karatasi hii:
nitie alama penye "amefanikiwa"
au penye kisanduku cha chini?

Jana nilimkuta shambani, mabua bado yamesimama.
Anachimba.
Juni hii? Nikamwambia msimu bado mbali.
Akaegemea mpini, akanitazama kama mtu anayetazama mtoto
aliyevaa shati nje ndani.

"Somo lako zuri, bwana shamba. Kosa lake ni mwezi.
Mnalileta Septemba, mikono yetu ikiwa sokoni.
Lileteni sasa. Mtu hujifunza tumboni mkiwa na kitu,
na udongo nao sasa hivi haujafunga mlango."

Kisha akanipa ncha ya kamba, niishike.