Kosa la Taipureta

Msiniulize nani aliimba nini mwaka gani.
Hayo yako kwenye majalada, wenye miwani wasome.
Niulizeni mimi, niliyekalia kiti kibovu
Industrial Area, ukuta mmoja na kiwanda cha sabuni,
miaka kumi na mmoja nikitaipu lebo za santuri,
herufi D ikikwama kila jua likiwaka.

Habel Shitandi, kwa mfano. Mtu mpole,
mwanakwaya, viatu unaweza kujitazamia.
D ikakwama. Pa I nikagonga E.
Santuri mia sita zikatoka zimeandikwa
HABEL SHETANI NA WENZAKE.
Jumatatu akaja, kofia mkononi, midomo inatetemeka:
“Dada, mama yangu ni mzee wa kanisa.”
Kufika Alhamisi, River Road nzima hakuna hata moja;
kila mtu alitaka kusikia
shetani anavyoshika sauti ya pili.
Ijumaa akarudi. Kofia hakuivua.
“Dada, lile kosa,
usilisahihishe.”

Na lile gitaa mnaloliabudu?
Vijana hunijia: liliundwa nchi gani, liligharimu ngapi?
Uzi wa tatu ulikatika saa tano usiku.
Muasya akatoka nje, akarudi na waya wa breki
wa baiskeli ya Ekiru, bawabu.
Ndiyo sababu linalia vile,
kama mtu anayejizuia.
Alfajiri Ekiru aliteremka kwenda Kaloleni
akifunga breki kwa kisigino.
Nilitaipu jina la Muasya. Jina la kisigino sikuambiwa.

Kuna wimbo mnapiga harusini, bibi harusi akiingia:
*mpenzi umenyamaza, ni nani amekuzima?*
Nimeona watu wazima wakifuta machozi.
Jamani, ile ilikuwa redio.
Aliiweka rehani kwa mwenye duka Shauri Moyo
na hakupata kamwe za kuikomboa.
Sikilizeni ubeti wa tatu, panapotajwa betri.

Ndugu Watano walikuwa wanne.
Wala hapakuwa na ndugu: Mluhya, Mtaita, Mganda mmoja,
na mpiga ngoma aliyesema kwao ni Makongeni, basi.
Wa tano alikuwa mwenye studio.
Hakuimba. Siku ya malipo
alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mbwa anayebweka upande wa pili
alikuwa mbwa tu.

Lakini makofi.
Makofi ya ule wimbo wa sabini na nne, yale makavu,
yanayochelewa kidogo kama mgeni anayejua ataingojewa chai:
mpiga makofi alikuwa ameshikwa na malaria,
wakanifuata mezani, wino bado vidoleni.
“Sabina, piga hapa, usipige pale.”
Nikapiga hapa, nikapiga na pale.
Malipo: soda moja na nusu mkate.

Juzi niko foleni, supamaketi ya Donholm,
unga, majani, mafuta ya kujipaka,
spika ya darini ikaanza wimbo wa hawa watoto wa sasa,
besi ya kutikisa mikebe,
na chini yake,
wamenikata, wamenirudia, wamenirudia tena,
mikono yangu.
Ya msichana wa miaka ishirini na mbili.
Hapa na pale. Hapa na pale.

Nikaitazama hii niliyo nayo,
vifundo vimevimba, viganja havikutani vizuri siku za baridi.
Nikamwambia binti wa kaunta,
“Hayo makofi ni mimi.”
Akanitazama kwa heshima yote aliyofundishwa.
“Unalipa kwa Mpesa au keshi, mama?”

Keshi.
Akaniomba kadi ya pointi, mashine ikakoroma,
risiti ikatoka na jina langu juu kabisa:
SABUNI KWAMBOKA.
“Pole, mama, waliokusajili walikosea. Nirekebishe?”
Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna.
Juu yangu nilikuwa bado napiga.
Nikamwambia, liache hivyo hivyo.
Huenda likauza.